Kitambaa Chini ya Kinu

Kasongo, Jumapili, tarehe 8 mwezi wa sita

Mwanangu Faida,

Umekwenda kumuaga mama yako mdogo, na ninavyomjua hatauachia mkono wako kabla jua halijazama. Kwa hiyo nina nafasi ya kuandika. Nimekaa kwenye kigogo changu cha kazi, karatasi iko juu ya kinu kipya nilichokipindua, na mwanga bado unatosha. Kesho asubuhi Sefu atakuja na pikipiki yake, atakupeleka Kindu, halafu utapanda boti hadi Ubundu, halafu Kisangani, kwa wale watu waliosikia kazi yako wakakuita ukae nao mwaka mzima. Habari ya kuchemsha maji, ya kufunga begi vizuri, ya kutokula samaki wa bandarini, sitaiandika. Nimekuambia hata mara kumi, na mara ya kumi ulicheka.

Nataka kukuandikia juu ya ile nafasi.

Muziki wako unachukua dakika arobaini. Hauna ngoma, hauna gitaa, hauna mwimbaji, na karibu na mwisho kuna dakika moja uliyoiacha tupu. Mwezi uliopita, tukiwa tunachambua mchele hapa uani, uliniambia bila kuinua macho: "Papa, ile nafasi ni yako. Ukinipa sauti yako, nitaiweka. Ukikataa, nitaenda Kisangani na tundu. Sitaijaza na kitu ingine."

Nilikujibu kwamba mchele una mawe mengi.

Leo nina jibu jingine. Lakini kwanza acha nikuambie mambo ambayo umeyaokota vipandevipande kwa huyu na yule, kwa sababu mimi, baba yako, sikuyasema.

Kazi yangu unaijua. Kinu hakinunuliwi kwa macho. Mama anayetaka kinu anakigonga ubavuni kwa kiungo cha kidole na kusikiliza. Sauti ikikatika upesi, kina ufa. Ikikaa kidogo ndani ya mti ndipo iondoke, ni kizima. Ulipokuwa na miaka minne ulikuwa unaingiza kichwa chote ndani ya kinu nilichotoka kukichonga kwa tezo na kuimba "mmmm", halafu unatoka na vibanzi kwenye nywele, unacheka. Mama yako alikuwa anakutoa vibanzi kimoja kimoja, hana haraka. Mimi nilifikiri ni mchezo tu. Sasa naona ulikuwa umeshaanza kazi.

Na katika nyumba hii ya mchonga vinu, kinu chetu wenyewe kilitwanga juu ya kitambaa. Kitambaa kilichokunjwa mara nne, kimewekwa chini, ili mchi ukipiga, ardhi isisikie. Umekua ukiona hivyo na hukuuliza, kama mtoto asivyouliza kwa nini mlango uko upande huu. Majirani ndio waliouliza. Mama Riziki wa hapa karibu alikuwa anapita na beseni lake kichwani, anapiga kelele ili mtaa wote usikie: "Muangalie kinu ya Baba Faida, inalala ku godoro! Iko na mimba, musiisumbue!" Mama yako alicheka pamoja naye. Mimi nilishika tezo langu.

Sababu yake ndiyo hii.

Tulikuwa tunaishi upande wa Wamaza. Wewe ulikuwa na miaka miwili, kaka yako Alimasi alikuwa na mitano. Watu wenye bunduki walipoingia, nyumba saba tulitoka pamoja tukaingia porini, kwenye kijito kidogo, tukakaa huko tangu mpunga unapandwa hadi umevunwa na wengine. Tulikuwa na sheria. Moshi mchana, hapana. Jogoo walichinjwa siku ya kwanza. Na kutwanga, hapana kabisa, kwa sababu sauti ya mchi inakwenda mbali kuliko sauti ya mtu, na kila anayeisikia anajua pale pana chakula na wanawake. Mpunga tuliupata kidogo, tukausugua kwa viganja mpaka ngozi ikatoka.

Wakatafuta mtu wa kusimamia kimya. Wakanichagua mimi. Walisema Baba Alimasi ana sikio, anajua sauti gani inasafiri. Ni kweli nilijua. Nikinyoosha mkono hivi, kiganja chini, nyumba zote saba zinanyamaza, na watoto pia. Kuna siku nilijivunia mkono huo.

Homa ilimshika Alimasi siku tatu. Alikuwa na mazoea ya kuhesabu vidole vyake vya miguu kabla ya kulala, na kile kidogo cha kushoto alikiita "mdogo wangu". Alikufa asubuhi, jua limeshaingia kati ya majani. Mama yako alimtazama, akafungua mdomo.

Niliufunga, Faida. Kwa mkono huu unaoandika. Nilimwambia sikioni: "Watatusikia. Utamuua na huyu mwingine." Huyu mwingine ulikuwa wewe, umefungwa mgongoni mwake. Nilishika mdomo wake mpaka nikahisi meno yake kwenye kiganja, na sikumwachia. Alipotulia, alichukua pembe ya kitenge chake akaiuma, akalia ndani ya kitenge. Wanawake wengine walikuja mmoja mmoja wakakaa karibu naye, kila mmoja na pembe ya kitenge chake kati ya meno. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, ya chini, haikuwa na maneno, na haikupita ule mti wa karibu. Nilisimama pale na kuipima. Nikaona inafaa, haisafiri.

Wewe uliisikia ukiwa mgongoni. Iliingia kwako kupitia mifupa ya mama yako. Nadhani haikutoka.

Unajua jinsi mtoto anavyoliliwa kwetu. Jina lake linaitwa kwa nguvu zote, mpaka mtu aliye shambani anaweka jembe chini na kusema, ni kwa nani leo? Alimasi hakuitwa. Tulimzika kama watu wanaoficha kitu.

Sasa nisikilize. Kuhusu ule mkono wa porini, nimejiuliza miaka mingi, na mpaka leo sijui. Pengine nilifanya sawa. Nyumba saba tulitoka wazima, isipokuwa yeye. Makosa ninayoyajua bila shaka yoyote ni yale niliyoyafanya baadaye, hatari ilipokwisha.

Tuliporudi, siku ya kwanza mama yako alipotwanga, pigo la kwanza tu nilishtuka nikakimbia kutoka nyuma ya nyumba, nikavua shati langu nikalikunja na kuliweka chini ya kinu. "Polepole," nikamwambia. Kesho yake aliweka kitambaa mwenyewe.

Dada zake walikuja na mihogo na kuku, wakasema sasa tuweke matanga ya mtoto, tumlilie vizuri. Niliwarudisha njiani. Niliwaambia amekwisha kwenda, kumlilia sasa ni kuchokonoa kidonda. Na nikafanya jambo la tatu, dogo, ambalo ndilo linaloniuma kuliko yote. Niliwaambia watu wasimwite tena Mama Alimasi. Nikasema: "Muite yeye Mama Faida. Na mimi Baba Faida." Nilidhani ninampunguzia uchungu. Watu walinisikiliza, walishazoea kunisikiliza. Tukahamia hapa Kasongo, na hapa hakuna hata aliyejua kwamba tulikuwa na jina jingine. Mtoto alikufa porini, halafu mimi nikamwondoa hata kwenye midomo ya watu.

Wewe ulisikia habari zake kwa mara ya kwanza ukiwa na miaka tisa, mama yako mdogo alipojisahau akahesabu watoto wa dada yake wawili. Ulikuja ukaniuliza. Nilikutuma kuteka maji.

Mama yako alinigusia mara moja tu. Alikuwa anakunja kitambaa kipya, cha zamani kilikuwa kimetoboka. Akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeuliza chumvi: "Baba Faida, tulisharudi, ao bado?"

Nikasema: "Tulirudi."

Akatikisa kichwa kukubali, akakiweka kitambaa chini ya kinu, akaendelea kutwanga.

Alipofariki, miaka minne iliyopita, wanawake wa mtaa walimlilia kama inavyotakiwa, mpaka barabarani watu walisimama. Wewe ulikuwa umekaa miguuni pake. Niliona umechukua pembe ya kitenge chako ukaiuma. Ulikuwa unalia "mmmm". Hakuna aliyekukataza kulia kwa mdomo wazi. Hakuna aliyekufundisha hivyo. Nilijua ni kazi ya mkono wangu, nikatoka nje.

Mwaka uliofuata ulianza kunasa sauti. Pale kituo cha radio ulipokuwa unafagia na kufunga nyaya, yule fundi mzee alikupa kinasa sauti kilichopasuka kioo na kukuachia kompyuta siku za Jumapili. Ulinasa mvua kwenye mabati, ulinasa msumeno wangu, ulinasa kinu chetu juu ya kitambaa. Siku ile uliponiwekea visikizio masikioni, nilisikia kitu kama ngurumo ya mbali sana, inakuja inarudi. Uliniambia ni mchi wa nyumbani, umeuvuta mpaka kila pigo linachukua dakika nzima. Na chini yake ulikuwa umeweka ile sauti. Ya kitenge. Uliitoa kwako mwenyewe, ulikuwa peke yako.

Nilivua visikizio. Nikasema: "Zima. Watu watasema mutoto wangu anacheza na wafu."

Hukubishana. Ulisema: "Papa, hii muziki haimufukuzi mutu. Inakaa naye tu." Ukazima.

Uliposema unakwenda Wamaza kuwatafuta wale wanawake, nilipanda na mimi nyuma ya pikipiki. Nilisema ni kwa ajili ya barabara mbaya. Barabara ilikuwa mbaya kweli, lakini nilikwenda kuhakikisha hakuna anayesema sana. Unakumbuka nilivyobaki nyuma ya pikipiki na kujifanya naangalia mnyororo? Bibi yetu Koko Nyota, mmoja wa wale wa porini, aliniona kutoka mlangoni kwake, na umri ule wote.

"Baba Alimasi! Ni weye huyo unajificha? Njoo hapa, sitakuuma, meno haiko."

Zaidi ya miaka ishirini sikuwa nimesikia mtu akiniita hivyo. Miguu yangu ilienda yenyewe.

"Unanikumbuka, Koko?"

"Nakumbuka mukono yako. Ulikuwa unainyoosha hivi, sisi wote tunanyamaza. Hata vyura walikuogopa!"

Wanawake waliokuwa pale walicheka mpaka mmoja akashika tumbo. Wewe ulimpigia magoti, ukamweleza unachotaka: sauti ile waliyolia nayo kule.

"Ile? Ile tulikatazwa tu kuifungulia mulango." Halafu akakichukua kitenge chake. "Sasa meno imebaki mbili. Nitakamata na nini?"

"Kamata na midomo, Koko," mmoja akamwambia.

Akakikamata na midomo. Na sauti ikatoka, ile ile, kama iliachwa jana kwenye kijito. Nikaona wanawake wakitoka kwenye nyumba zao, huyu na unga mikononi, huyu na mtoto wa mjukuu, wanakaa chini, wanachukua pembe za vitenge. Walikuwa kumi na mmoja. Wewe ulishika kinasa sauti kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni.

Njiani nilikuuliza: "Juu ya nini unaamsha hii mambo yote?"

Ukasema: "Papa, haijalala."

Ulikwenda pia kwenye machimbo ya Salamabila bila mimi, ukarudi na sauti ya wanawake wanaotwanga mawe ya dhahabu kwa vyuma, na wale nao ukawapa kitenge, na wale nao walikuwa na ile sauti. Watu waliotoka mbali, wa Kivu na wapi, wa dini zote, na wote wanaijua sauti ile. Uliniambia hilo kwa mshangao, ukikoroga ugali. Mimi sikushangaa. Mikono kama wangu ilikuwa mingi.

Halafu siku ulipoupiga muziki wako kwenye salle, ule ukumbi wa mtaa. Nataka uibebe siku hiyo kama nilivyoiona mimi, kwa sababu wewe ulikuwa umeinama kwenye mashine na hukuona nyuso.

Watu walikuja wengi kwa sababu walisikia kuna muziki, na jenereta, na bafle mbili kubwa za kutoa sauti. Walikuja kucheza. Vijana wa pikipiki walivaa vizuri. Ile ngurumo yako ilipoanza, ikaendelea, na hakuna kilichofuata, nilisikia viti vinalalamika. Sefu alikuwa mlangoni na kofia yake ya pikipiki mkononi.

"Faida! Ngoma ulisahau ku nyumba? Nikimbie nikuletee?"

Mwingine akasema: "Hii ni muziki ao ni frigo?"

Salle nzima ikacheka. Na wewe, bila kuinua kichwa: "Kaa, Sefu. Kama iko frigo, utapata baridi."

Wakacheka zaidi, lakini Sefu akakaa. Nadhani hapo ndipo uliposhinda. Hukuwaambia wanyamaze.

Kidogo kidogo wakanyamaza wenyewe. Zilikuja zile sauti za vyuma vya Salamabila, umezivuta mpaka zimekuwa kama maji yanayoanguka ndani ya shimo refu. Halafu wale kumi na mmoja, mmoja juu ya mwingine. Nilimwona Mama Riziki, yule wa godoro, akishika pembe ya kitenge chake bila kujua anafanya nini. Hakuwahi kuniambia kwamba na yeye alikaa porini. Miaka yote ile akicheka kinu changu, alikuwa anajua.

Ikafika ile nafasi tupu. Kimya. Jenereta tu nyuma ya ukuta. Na katika kimya kile Koko Nyota, uliyemtoa Wamaza kwa pikipiki akilalamika kiuno njia nzima, alisimama, akaachia kitenge kikaanguka, akafungua mdomo na kuliita jina la mume wake. Kwa nguvu. Mpaka bati likaitika.

Wengine wakafuata, na majina yakajaa salle. Watu waliokuwa barabarani walisimama na kuuliza, ni kwa nani leo? Na jibu lilikuwa, ni kwa wote. Sefu alikuwa ameweka kofia yake kifuani, anaita: "Papa. Papa." Alikuwa mtoto wa tumboni baba yake alipochukuliwa, hakuwa na kitu kingine cha kumwita.

Halafu walipomaliza kulia, na walilia mpaka mwisho, wanawake walikwenda wenyewe hapa uani, wakabeba vinu vyangu vinne bila kuniomba, wakaviweka kwenye sementi tupu ya salle na kuanza kutwanga hewa. Michi minane. Bila kitambaa. Hapo ndipo vijana wa pikipiki walipopata ngoma yao, na mtaa mzima ulicheza mpaka jioni, kama inavyochezwa matanga yanapoondolewa. Ulicheza na wewe, mdomo wako ukiwa wazi. Sikuwahi kuona meno yako ya nyuma kabla ya siku ile.

Na mimi? Nilikuwa nyuma ya ukuta, kwenye dirisha nililochungulia yote hayo, nimeshika jenereta kama vile ingetoroka. Kila mtu aliita jina la mtu wake. Langu lilifika hapa kooni na mkono wangu ukapanda wenyewe mdomoni.

Ndiyo maana uliniachia ile nafasi. Ulipoinua kichwa, uliniona dirishani.

Leo, ulipokata kona kwenda kwa mama yako mdogo, niliingia ndani nikachukua kinasa sauti chako kwenye begi. Nisamehe, niliipangua ile sweta uliyoikunja vizuri. Nilikiweka dirishani, nikabonyeza pale pekundu kama ulivyonifundisha. Halafu nilikiinua kinu cha mama yako na kuvuta kitambaa.

Unajua ni kitambaa gani kilikuwa pale? Kile cha mwisho alichokiweka yeye, mwaka mmoja kabla ya kufa. Hatukukigusa. Nilikikunjua juani. Ni kitenge cha zamani chenye ndege, rangi imekwisha, na pembe moja imetafunwa, ina matundu madogo. Nataka kukuambia ni kile cha porini. Siwezi kuapa. Wanawake wengi walikuwa na kitenge cha ndege miaka ile.

Nilitia mpunga ndani ya kinu, nikaanza kutwanga kwenye udongo mtupu. Faida, nilikichonga mwenyewe kinu hiki na sikuwahi kusikia sauti yake. Ni nzuri sana. Inaingia kwenye nyayo.

Mama Riziki alitokea kwenye uzio. "Baba Faida! Mwanaume anatwanga? Leo niite watu waje kuona?" Halafu akasikiliza. "Iliamka! Kinu yako iliamka!"

Nilifungua mdomo. Kwanza kilitoka kikohozi. Halafu jina lilitoka dogo, kama mtu anayemwita mtoto aliye chumba cha pili. Nikaliita tena. Mara ya tatu mkono wangu ulitaka kupanda, lakini ulikuwa umeshika mchi, na mchi ni mzito. Jina likapita.

Alimasi. Alimasi we.

Nilisikia beseni la Mama Riziki likianguka. Hakuuliza habari nyingi. Alisema tu: "Ni nani huyo?" Nikasema: "Mutoto wangu wa kwanza." Akapita katikati ya uzio, akakaa chini kwenye vumbi na nguo yake ya kanisa, akaweka mikono kichwani na kulichukua lile jina kutoka kwangu, akaliita yeye, kwa sauti ile ya wanawake inayojua njia. Wakaja wengine. Mzee wa nyumba ya kona aliweka jembe lake chini, mwanangu, nilimwona kwa macho yangu, akaweka jembe chini.

Tumemlilia kaka yako mchana huu mpaka kivuli cha nyumba kimefika kwenye kinu. Wamekaa, wamekula ule wali niliotwanga vibaya, wamecheka punje zilizovunjika. Wakati wa kuondoka kila mmoja alinishika mkono na kuniambia: "Pole, Baba Alimasi."

Sauti yote iko ndani ya ile kadi ndogo. Ni zaidi ya saa moja, na wewe unahitaji dakika. Chagua unavyotaka, lakini usiisafishe. Kuna kuku wa Mama Riziki mle, na kuna mtoto anauliza kila mara, "Alimasi ni nani?" Muache aulize.

Sina mengi ya kukufundisha juu ya huko uendako. Nitakuambia moja tu nililolipata kwa gharama ya mama yako. Utakutana na watu watakaotaka kukueleza wakati gani mtu alie na wakati gani anyamaze, na watakuwa na sababu nzuri, kama mimi nilivyokuwa nazo. Ukishaona hatari imekwisha, angalia mkono wako uko wapi. Na wakikuuliza juu ya muziki huu, wataanza kwa kuuliza ni akina nani waliotutesa. Wewe anza na majina ya wale tuliowalilia.

Kadi nimeifunga kwenye ile pembe iliyotafunwa ya kitambaa, na kitambaa nimekikunja mara nne ndani ya sweta yako. Ni chako sasa. Hapa hakina kazi tena. Kinu kimekaa juu ya udongo, na kabla sijaanza kuandika nilikigonga kwa kidole, nikasimama karibu nacho mpaka sauti ikaondoka, nikamjibu mama yako vizuri. Nilimwambia: Mama Alimasi, sasa ndiyo tumerudi.

Nakuona unakuja, uko na vumbi miguuni na mama yako mdogo bado amekushika mkono. Naacha hapa.

Ukifika Kisangani, na salle ikinyamaza, na ile nafasi ikifika, unikumbuke.

Baba yako,
Baba Alimasi na Faida